Moto wa Onyesho la Kumi na Mbili

Nakuru, nyumba za reli
Alhamisi, 13 Februari 2025

Kwako Cheruto,

Salamu nazikata fupi kwa sababu karatasi ni moja na mambo ni mengi. Nimefika nyumbani salama. Mama hakunipiga wala hakunigombeza. Alinipakulia ugali na sukuma, akakaa ananitazama nikila mpaka nikamaliza. Afadhali angenigombeza.

Barua hii anakuletea Kipngetich, yule dereva wa lori la viazi anayeshusha kabichi shuleni Jumanne na Ijumaa kisha anateremka Nakuru na magunia. Mpe yeye jibu. Usipitie ofisini, unajua naibu wetu Madam Wangui anavyosoma barua za watu kama gazeti.

Nikueleze yaliyonipata Jumatatu, maana nyinyi mliambiwa tu nimesimamishwa. Nilimkuta Madam na daftari langu la filamu mkononi. Alifungua ukurasa wa mwisho, akawasomea mwalimu mkuu na polisi wawili kwa ile sauti yake ya gwaride: "Onyesho la kumi na mbili. Bweni la wavulana linawaka. Mazombi wamekwama ndani. Khisa anacheka." Akalifunga. "Kijana, hii ni nini kama si plan?"

Nikamwambia, Madam, ni comedy. Ni wanafunzi waliokula githeri iliyolala wakageuka mazombi, na hata wakiwa wafu kengele ikilia wanaacha kung'ata watu, wanapanga foleni na sahani. Polisi mmoja alitaka kucheka, nilimwona. Mwenzake akaniuliza petroli nilinunua wapi. Na hilo jina langu lilinimaliza kabisa. Si tulikubaliana kila mwigizaji atumie jina lake ili tusisumbuke kukariri?

Sasa jambo lenyewe ni hili. Moto wa bweni ulionekana Jumapili saa kumi na moja jioni. Wanasema mtu aliniona nikikimbia kutoka upande wa stoo ya useremala, uso umepakwa majivu na unga. Ni kweli nilikimbia huko na kurudi nikipiga kelele, kwa sababu mimi ndiye niliyeuona moshi kwanza. Lakini tangu saa kumi nilikuwa nyuma ya jikoni na wewe, wawili tu, nikifa. Nilikufa mara sita kwa sababu hukuridhika na mara tano za kwanza. Yote yamo kwenye kadi ya kamera, na kamera ya shule huandika saa pembeni. Kadi unayo wewe. Mpelekee mwalimu mkuu aangalie, yaishe.

Kama unaogopa wataona ule moshi wako wa filamu, wa mavi ya ng'ombe, uliotufukizia pale kwenye stoo, usiogope. Hiyo ilikuwa saa nane, na sisi sote tulikuona ukiumwagia mkebe wake ndoo nzima ya maji.

Bodi ya shule inakaa Jumatatu tarehe 24. Wakinifukuza sitasajiliwa kufanya mtihani mwaka huu, na mama hana mwaka mwingine wa kunipa. Fanya haraka.

Ni mimi,
Khisa, marehemu mara sita


Shuleni, Molo
Ijumaa, 14 Februari

Kwako Khisa,

Naandika nikiwa nimesimama kando ya lori, Kipngetich amesema hangoji mtu.

Kadi imeharibika. Nimeijaribu kwenye kompyuta ya maabara, imekataa kusomeka. Pole sana. Nitajaribu tena.

Hapa wavulana wanalala kwenye ukumbi wa kulia, na asubuhi meza zinarudishwa. Nusu ya bweni imeisha na ile stoo iliyoshikana nalo haipo kabisa. Mzee Mathenge, mlinzi, ametoka hospitalini jana. Mikono yote miwili imefungwa bendeji mpaka kwenye viwiko. Ndiye aliyekuwa akivuta masanduku ya watu mpaka dari ikashuka. Wapishi wanamlisha uji kwa kijiko. Nilienda kumsalimia akaniuliza, "Msichana wangu, ile sinema yenu iliisha?" Nikaaga nikaondoka.

Mimi silali vizuri. Rangi ya bitiruti niliyokuwa nikiwapaka kama damu bado haijatoka kwenye kucha. Kaza moyo.

Cheruto


Nakuru
Jumatatu, 17 Februari

Kwako Cheruto,

Niliposoma kuwa kadi imeharibika nilitoka nje nikatembea mpaka relini, nikakaa hapo nusu saa. Halafu nikafikiri vizuri. Kadi ya nini? Wewe una mdomo. Ulikuwa na mimi kuanzia saa kumi mpaka tulipouona moshi. Nenda kwa mwalimu mkuu useme hivyo tu: Khisa alikuwa nyuma ya jikoni, mimi nilikuwa nashika kamera, hakuondoka. Ni maneno kumi, sijui kama yanafika.

Mama ananitia wasiwasi. Kila asubuhi kabla ya kwenda kiwandani ananyoosha sare yangu kwa pasi ya makaa, anaitundika mlangoni. Jioni anaikuta pale pale. Kesho yake anainyoosha tena. Jana nilimwambia haijachafuka. Akasema, "Najua."

Majirani nao wameanza. Mmoja ameniuliza kama ni kweli tuliwafungia wenzetu ndani. Lisemwalo lipo, akaniambia, kama halipo laja. Nilitaka kumng'ata.

Umeongea na Jepleting? Alikuwa zombi mzuri kuliko sisi wote asipocheka. Mwambie simsahau.

Nangojea Kipngetich.

Khisa


Shuleni
Jumanne, 18 Februari

Khisa,

Siwezi. Naomba usinikasirikie.

Fikiria wataniuliza nini. Msichana na mvulana wa kidato cha nne, nyuma ya jikoni, wawili, Jumapili, wenzao wote wako uwanjani. Hata nikisema tulikuwa tunapiga filamu, nani ataamini bila picha? Unajua sheria ya Madam Wangui kuhusu hilo. Tutafukuzwa wote wawili, na babangu atasikia mambo ambayo hayakutokea. Yeye ni mzee wa kanisa. Hataweza kuingia kanisani tena.

Labda polisi watagundua ilikuwa ni umeme. Wanafunzi wengine wanasema ilikuwa umeme.

Samahani.

Cheruto


Nakuru
Alhamisi, 20 Februari

Cheruto,

Stoo ile haina umeme. Unajua haina. Fundi alikuwa akitumia msumeno wa mkono miaka yote.

Nimesoma barua yako mara nyingi na kila mara naona unaniomba nikuhurumie. Tumekaa dawati moja tangu kidato cha kwanza. Ulipougua mafua makali nilikuandikia kemia yote. Sikumbushi ili unilipe. Nakumbusha kwa sababu nilidhani nakufahamu.

Sasa sikiliza. Madam Wangui amempigia mama simu. Amemwambia nikikubali kosa na kuomba msamaha kwa maandishi mbele ya bodi, watanipa barua ya kuhama na polisi wataambiwa ni utoto. Nikikataa, faili inaenda mbele, na hapo si mambo ya shule tena. Mama anataka nitie sahihi. Hajaniuliza hata siku moja kama ni mimi niliyechoma. Nafikiri anaogopa jibu.

Nitatia sahihi. Nimechoka. Jumatatu saa nne asubuhi nitaandika kwa mkono wangu kwamba niliwasha moto ambao sikuuwasha, na popote nitakapokwenda karatasi hiyo itanifuata.

Hii ndiyo barua yangu ya mwisho kabla ya siku hiyo. Lori likitoka huko kesho halirudi mpaka Jumanne.

Khisa


Shuleni
Ijumaa, 21 Februari

Khisa,

Usitie sahihi.

Kadi haijaharibika. Iko ndani ya bahasha hii, nimeifunga kwenye kitambaa. Imekuwa ndani ya soksi yangu siku zote hizi. Kila usiku nimekuwa nikiigusa kuona kama ipo, na kila asubuhi nikitamani ipotee yenyewe.

Moto ni wangu.

Babu yangu kule Keringet ana mizinga ya nyuki. Tangu nikiwa mdogo nimemwona akifukiza nyuki kwa mavi makavu ya ng'ombe, kwa sababu hayatoi mwali, yanatoa moshi tu, tena mwingi. Ndiyo maana nilipotaka ukungu wa makaburini bila kununua kitu, nikaona mimi ndiye mjanja wa shule nzima. Mlinishangilia, unakumbuka? Lakini babu hazimi moto ule kwa maji. Anauzika. Anachimba shimo, anafukia na udongo, anakanyaga. Alikuwa akituambia sisi wajukuu, mavi ya ng'ombe yakilowa nje, ndani yanaendelea kula polepole kama mtu mwenye siri. Nilikuwa nikicheka nikisikia hivyo. Jumapili nilikuwa na haraka. Nilimwagia maji, moshi ukakatika, nikaona yameisha. Halafu nilipobaki peke yangu pale nikaumwaga mkebe kwenye rundo la vumbi la mbao nyuma ya stoo, ili Madam asikute uchafu.

Nilikuwa nimesahau kuzima kamera. Ilikuwa bado juu ya stuli. Utaniona. Namwaga, nafuta mikono kwenye sketi, naondoka. Kipande kinachofuata ni wewe ukifa nyuma ya jikoni. Havitenganishwi. Mtu akiangalia cha pili ili akuokoe ataangalia na cha kwanza. Nilitaka kukifuta, kidole kikafika kwenye kitufe kabisa. Nikashindwa, na pia nikashindwa kukipeleka. Kuhusu sheria ya nyuma ya jikoni nilikudanganya. Nilijua nikisema tulikuwa tunapiga picha, neno litakalofuata ni "lete kamera."

Mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nimeyaficha yakakulilia wewe.

Naogopa, Khisa. Kila nikitaka kwenda ofisini nafika mlangoni narudi. Nikimwona Mzee Mathenge akilishwa uji napita njia nyingine. Siwezi kusimama mbele ya watu wale niseme. Wewe unaweza. Waonyeshe kadi. Chochote watakachonifanya nimekubali.

Cheruto


Keringet
Jumatano, 26 Februari

Khisa,

Kipngetich anapakia viazi huku kwetu leo, na kesho kutwa atapita shuleni. Nimeomba baba ruhusa ya kukuandikia. Amekubali bila kunitazama.

Sijui kama uliambiwa yote baada ya kutolewa nje. Nimesimamishwa mpaka muhula ujao. Mtihani nitasajiliwa. Polisi wameandika ni ajali. Baba na babu watakuja shuleni na mbao wajenge stoo upya kwa mikono yao, na mimi nitachanganya udongo. Babu ameniuliza jambo moja tu: "Ulisahau kuzika?" Nikasema ndiyo. Akatoka akaenda kwenye mizinga yake.

Kabla ya kuondoka nilienda kwa Mzee Mathenge. Nilimweleza nikilia. Akaitazama mikono yake, akasema, "Ungeniambia siku ile ulipokuja kunisalimia." Nafikiri hilo neno nitazeeka nalo.

Nataka kukuambia kwa nini nilikuja pale ofisini siku ya bodi. Sikuwa nimepanga kuja. Nilikuwa darasani, nikijua una kadi, nikingoja niitwe. Saa nne na nusu hakuna aliyeniita. Nikaomba ruhusa ya kwenda chooni nikapita kando ya dirisha la ofisi. Nikamwona mama yako kwenye sakafu, amepiga magoti mbele ya watu tisa, na wewe umesimama kando yake. Karatasi iko mezani na kalamu juu yake. Nikaelewa kuwa hutaionyesha kadi. Kwamba umeamua kutia sahihi badala ya kunitaja. Sijui nilifunguaje ule mlango.

Wewe ni mtu mwema, Khisa. Mwema kunizidi. Ulikuwa na uwezo wa kunimaliza ukakaa kimya, hata mama yako akiwa pale chini. Nimemwambia mama yangu kuwa sijawahi kuona mtu mwema kama wewe. Sistahili uniite rafiki, lakini kama utaniandikia hata mistari miwili nitashukuru.

Cheruto


Shuleni
Ijumaa, 28 Februari

Cheruto,

Nimerudi darasani tangu juzi. Kiti chako hakuna aliyekikalia. Jepleting anataka tumalize filamu, anasema onyesho la kumi na mbili tulikate, mazombi waponywe na uji. Nimemwambia tungoje.

Umeniita mtu mwema. Naomba uache.

Kadi ilinifikia Ijumaa jioni. Niliitazama kwenye simu ya jirani, nikakuona ukimwaga mkebe na kufuta mikono. Nilikaa nayo Jumamosi yote. Jumapili nilikwenda nayo kanisani. Mama aliniuliza mbona nimekuwa kimya hivi, nikasema kichwa kinaniuma. Ningemwambia angelala usingizi siku hizo mbili, wa kwanza tangu nirudi nyumbani. Nilikuwa namsikia usiku akigeuka kitandani, na sikumwambia.

Jumatatu kadi iliingia ofisini ikiwa kwenye mfuko wa shati langu. Sikuwa nakulinda. Nilikuwa na hasira na wewe ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu. Siku kumi na mbili ulijua. Na baada ya hapo ukaniwekea kadi kwenye bahasha, ili mimi ndiye nikutaje na wewe ubaki umekaa darasani. Nikasema moyoni, hapana, aje mwenyewe. Aje kwa miguu yake, wamwone. Akija kabla ya kalamu kufika mkononi mwangu, sawa. Asipokuja nitaitoa. Sikuwa na nia ya kutia sahihi hata kidogo. Nilikuwa nakupima.

Halafu mama akapiga magoti. Hatukuwa tumepanga hivyo, nilidhani ameinama kuokota kitu. Akasema, "Mwalimu, niko na huyu tu. Mnihurumie mimi kama yeye hamuwezi." Madam Wangui akamwambia ainuke, akakataa. Mimi nilikuwa na kadi hapa kifuani, ilibaki kuinua mkono tu. Nikatazama mlango. Nilikuwa bado nataka uje.

Kulikuwa na saa ukutani. Zilikuwa dakika sita. Mama alikaa amepiga magoti kwenye saruji dakika sita, na mimi nikiwa nimesimama pale pale, nikitazama mlango.

Wewe kosa lako umelisema, na kila mtu analijua. Langu halijulikani. Majirani waliokuwa wakinong'ona juu yangu sasa wananipa mkono. Mama anawaambia nilisimama mbele ya bodi nikiwa mtulivu kama mtu mzima, namsikia anavyojivunia.

Jumapili atakuja kunitembelea. Nitamwambia. Nimekuandikia wewe kwanza ili nikitaka kugeuka njiani kuwe na mtu anayejua. Sijakusamehe bado, lakini sina mtu mwingine wa kumwandikia haya.

Tulipokuwa tunarudi Nakuru siku ile ya bodi nilimwona mama akikunja sketi na kulisugua goti lake la kulia. Lilikuwa limevimba. Nikamuuliza. Akasema ni baridi ya huku Molo.

Khisa